Modeste Ntirenganya, Aliyekula kwa Wakwe Bila Kuogopa

Padri wetu, majirani wa Keshero, mafundi wenzake na marehemu, wakwe wetu mliotoka Kalengera mkaachiwa kukaa juani, na ninyi watu wetu wa Kibumba mliokaa kivulini pamoja na kaka yake mkubwa, Barthélemy Munyakazi, familia inawasalimu wote, hata wale ambao salamu hii inawafikia kwa shida. Anayesoma ni Perpétue, dada wa marehemu, mtoto wa katikati baada ya Barthélemy na kabla ya Modeste, aliyepewa kazi hii leo asubuhi na mama yao mzazi, ambaye alisema yasomwe yote na pasirukwe kitu. Baraza la ukoo lilitaka pasemwe tu kwamba marehemu "alipewa kitu," kisha twende makaburini. Hatutasema hivyo, na mwenye haraka ya kuwahi sahani ya maharagwe anajua njia ilipo.

Modeste Ntirenganya alizaliwa Kibumba tarehe 14 Machi 1946, mtoto wa tatu na wa mwisho wa marehemu muzee Sebatware, mfugaji na mkulima wa viazi, na wa mama Nyiramahirwe, ambaye Mungu amemwacha hai mpaka ayaone haya. Kibumba mnaijua, ni nchi ya ukungu na baridi, mtoto anakua akiogopa radi na wezi wa ng'ombe, lakini mbu haogopi, kwa maana mbu wa kule ni wachache na maisha yao ni mafupi, na homa ya kutetemeka hatuihesabu kama ugonjwa wa nyumbani. Ndiyo maana watu wetu walijifundisha tangu zamani kwamba mtu akishuka upande wa Rutshuru kwenye joto, akala huko, akarudi mzima, kisha wiki ya pili akaanza kutetemeka mbele ya ndugu zake, basi huyo alilishwa karuho, sumu ile ya polepole, na aliyemlisha ni yule aliyempakulia. Kwa elimu hiyo tumezika watu wengi, na tumevunja ndoa nyingi, na kila mara tumerudi nyumbani tukijiona wenye akili.

Alibatizwa mwaka huohuo wa kuzaliwa kwake kwa jina la Modeste, jina ambalo tangu 1972, serikali ilipokataza majina ya Kizungu, karata ya raia, yaani kitambulisho, haikukubali tena kuliandika, akawa citoyen, yaani raia, Ntirenganya ofisini na Modeste jikoni, na alipenda kusema kwamba serikali imejaribu, lakini mama yake hawezi kufundishwa kumwita vingine. Alianza shule ya msingi Kibumba mwaka 1953, akaimaliza 1959, wala hakuwa mwanafunzi wa ajabu, hesabu zilimshinda kabisa mpaka siku alipopewa ubao wa kupima na msumeno, hapo zikamwingia zote kwa pamoja. Alishuka Goma mwaka 1960 kujifunza useremala, akaishi kwa dada yake Perpétue, ambaye alikuwa ameolewa mapema, na aliharibu viti vyake viwili kwa kujaribu kuvitengeneza.

Alifanya kazi katika karakana za watu tangu 1964, na mwaka 1975 akafungua yake hapa Keshero, akichonga milango, madirisha, meza, na hasa vitanda vyenye nguzo nne ndefu za kutundikia chandarua, ambavyo alijifunza kwa ajili ya mapadri na wageni, na ambavyo jamaa zake wa Kibumba walivicheka wakiviita vitanda vilivyovaa kanzu. Hatutamfanya malaika kwa sababu amelala kwenye sanduku, Modeste alikuwa mtu wa kuchelewesha kazi, mlango wa Jumamosi ulikuwa tayari Jumatano, na kila mara kosa lilikuwa la salongo, ile kazi ya lazima ya serikali. Lakini mlango wake ukishafungwa haukulia, na hakuna mteja hapa anayeweza kusimama aseme alipewa mbao mbovu.

Tarehe 24 Julai 1971 alifunga ndoa na Donatille Mukantwari, binti wa Kalengera, yule pale mwenye mtoto mgongoni, ambaye baadhi yenu hamjamtazama usoni tangu Ijumaa. Barthélemy alikataa ndoa hiyo tangu mwanzo, akisema watu wa nchi ya joto mikono yao haiaminiki. Mnajua desturi yetu, anayempa mgeni kinywaji hutangulia kuonja yeye mwenyewe mbele ya macho ya mgeni, ndipo mgeni apokee, na ni desturi nzuri, ni ya heshima, ila kwa mtu mwenye moyo wa shuku inakuwa kesi isiyokwisha. Siku ya arusi mama mzazi wa Donatille, mama Mukamugema, alionja kila kibuyu cha pombe ya mtama, kimoja baada ya kingine, mpaka akashindwa kusimama vizuri, na bado Barthélemy hakunywa, bali alifungua kitambaa akatoa sufuria yake ya viazi vya kuchemsha alivyovibeba kutoka nyumbani. Miaka kumi na miwili amekwenda kwa wakwe wa mdogo wake na sufuria hiyo. Modeste yeye alikula kila alichopewa, alilamba na vidole, na aliporudi alisifu.

Zawadi ya kwanza ambayo Donatille alimwomba mumewe haikuwa kitenge wala viatu, ilikuwa kitanda cha nguzo nne na chandarua chake, kwa sababu alikotoka yeye, mtoto anafundishwa kuogopa mbu kabla hajafundishwa kusalimia. Walijaliwa watoto watatu, Paul mwaka 1973, Philomène mwaka 1976, na Julie, aliyezaliwa mwaka jana na ambaye bado ananyonya.

Tunafika kwenye ugonjwa, na hapa tunaomba wanaokohoa wamalize kukohoa.

Jumamosi tarehe 7 Mei mwaka huu wa 1983 mdogo wake Donatille aliolewa huko Kalengera, na Modeste alikwenda na mke wake na mtoto Julie, pamoja na Barthélemy, kwa kuwa heshima ilidai mkubwa wa ukoo awepo, naye Barthélemy alipanda gari akiwa na sufuria magotini kama kawaida yake. Mvua zilikuwa hazijakwisha, kila unyayo wa ng'ombe ulikuwa dimbwi. Mama Mukamugema alimtayarishia Barthélemy chumba kizuri, chenye kitanda ambacho Modeste mwenyewe alikichonga, na chandarua cheupe juu yake, lakini Barthélemy alipokiona alisimama mlangoni akasema, na wakwe wote wakasikia, "Miye siwezi kulala ndani ya sanda ya bakwe," akatandika mkeka sebuleni. Basi Modeste, ambaye hapa Keshero hakuwahi kulala nje ya chandarua, alichukua mkeka wake akalala kando ya kaka yake, kwa maana kwetu mdogo hapandi kitandani mkubwa wake akiwa chini, na Donatille alipomsihi alimjibu kwa kucheka, "Mbu itapita, mukubwa yangu njo atabaki." Kitanda na chandarua vikabaki kwa Donatille na mtoto, usiku wa kwanza na ule wa pili na wa tatu, na mbu wa Kalengera hawakuuliza nani amekula na nani amebeba viazi vyake.

Walirudi wote wazima. Wiki iliyofuata Modeste alipanda Kibumba kufunga mlango mpya katika nyumba ya mama yake, na Jumatano tarehe 18 Mei, mlango ukiwa umeshikwa na bawaba moja tu, homa ilimwangusha chini, akatetemeka mpaka meno yakagongana. Barthélemy aliitwa, akaja, akamwuliza swali moja tu, "Ulikula nini kule kwa bakwe?" na Modeste, mtu asiyejua kudanganya hata mahali ambapo uongo ungemwokoa, akajibu, "Nilikula byote." Hukumu ikaishia hapo. Hakupelekwa kwenye zahanati, hakupewa hata kidonge kimoja cha Nivakini, dawa ya homa ya mbu, aliletewa mama mmoja wa kutapisha, akanyweshwa dawa ya majani na maji ya moto, akatapika mpaka akabaki anatapika hewa, na homa ilipompumzisha kidogo walisema karuho inatoka, na iliporudi kwa nguvu zaidi walisema alilishwa nyingi, aongezewe dawa.

Siku ya tatu Barthélemy alitoweka Kibumba, akiaga kwamba anakwenda Masisi kuangalia ng'ombe.

Habari ilimfikia Donatille kwa kinywa cha dereva wa lori la viazi, siyo kwa kinywa cha mtu yeyote wa familia, na Jumanne tarehe 24 Mei yeye na Perpétue walipanda na lori hilohilo. Penye ua walimzuia Donatille asiingie. Walimwambia, "Ulikuja kumaliza kazi yako? Juu ya nini bwana yako anakufa, na weye na mutoto muko wazima?" na yeye alisimama nje kwenye mvua na Julie mgongoni, jibu lake lilikuwa chandarua, na nani kati yenu angelisikiliza. Perpétue aliingia peke yake akamkuta ndugu yake macho ya manjano, midomo imepasuka, hajui mkono wa dada yake wala jina lake mwenyewe, akamtoa mle ndani kwa nguvu na kwa maneno ambayo hayafai kusomwa mbele ya padri. Alishuka Goma juu ya magunia ya viazi, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya mke wake, mwanamke yule mnayemwita muuaji, ambaye njia nzima alimdondoshea maji mdomoni kwa kona ya kitenge.

Na sasa sikilizeni. Katika hospitali, katika chumba cha wanaume, kitanda cha pili kutoka mlangoni, walimkuta Barthélemy. Hakuwa Masisi, wala ng'ombe hawakuwepo. Alikuwa ameketi, sindano ya kinini mkononi, kikombe cha chai na mkate pembeni, amefika pale tangu Jumamosi kwa miguu yake mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameanza kutetemeka kama mdogo wake, na yeye hakumwita mama wa kutapisha. Perpétue alimwuliza kwa nini, naye akajibu bila aibu, kama mtu anayeeleza jambo rahisi kwa mtoto, "Miye sikukula kule, basi yangu ni homa tu. Modeste alikula, yake njo karuho."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hatujui kama walimfikiria mbu au walimfikiria ndugu.

Muuguzi wa pale, mama Cibalonza, mzaliwa wa upande wa Bukavu na mwanamke asiye na subira, aliyasikia maneno hayo, akatoa tone la damu kwenye kidole cha Barthélemy na tone kwenye kidole cha Modeste, akavipeleka vioo viwili penye mikroskopi, akamshika Perpétue shingo akamwinamisha aangalie. Katika kioo cha kwanza kulikuwa na pete ndogo ndani ya chembe za damu, na katika kioo cha pili pete zilezile, ila nyingi kupita kiasi, chembe karibu zote zimevamiwa. Mama Cibalonza alisema, "Angalia vizuri, mama. Huyu alikula, huyu hakukula, na mududu ni moja."

Akaeleza, na familia inawaeleza ninyi kama alivyoeleza, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Kadudu hako, ambako wasomi wanakaita kimelea, hakana makao yake duniani, hakaishi majini, wala udongoni, wala kwenye sahani ya mtu, kanaishi katika nyumba mbili tu, mbu na mwanadamu, na nyumba moja haikatoshi. Mbu jike anapomnyonya mgonjwa anakabeba, na ni ndani ya tumbo la mbu ambamo dume na jike la kadudu vinakutana na kuzaa, kisha watoto wanahitaji siku nyingi za joto mpaka wakomae na kufika penye mate ya mbu, na Kibumba penye baridi mbu anakufa kabla hawajakomaa, ndiyo sababu homa hii haizaliwi kwetu. Mbu ambaye wamekomaa ndani yake anapomwuma mtu mwingine anawamwaga ndani yake, nao wanakimbilia kwenye ini, wanajificha humo wiki nzima au zaidi bila mtu kusikia lolote, ndiyo maana mtu anatoka Kalengera akiimba na anaangukia kwao Kibumba, kisha wanaingia katika damu na kuipasua, na wengine kati yao wanakaa wanangoja mbu mwingine awatoe. Bila sisi wanakwisha, bila mbu wanakwisha. Hayo ndiyo mliyoyaita mkono wa Donatille.

Modeste alitiwa kinini na maji ya mshipa, madaktari walipigana kwa ajili yake siku zile tatu, lakini mwili ulikuwa umetapishwa mpaka hauna kitu cha kupigania, na Ijumaa tarehe 27 Mei, saa mbili asubuhi, alifariki mikononi mwa mke wake, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba. Barthélemy aliruhusiwa kutoka siku hiyohiyo, amepona, tunamshukuru Mungu kwa ajili yake pia, ingawa tunamshukuru tukiwa tumeuma meno.

Mngedhani mtu aliyelala kitanda cha tatu kutoka kwa maiti ya ndugu yake angepanda Kibumba akasema ukweli. Alipanda akaitisha baraza, na baraza likaamua kwamba baada ya maziko Donatille arudi Kalengera na nguo alizovaa, Paul na Philomène wapelekwe Kibumba, na Julie afuate akiachishwa ziwa. Hakuna hata mmoja barazani aliyeambiwa kwamba msemaji mwenyewe alikuwa ametoka kwenye sindano ya ugonjwa uleule. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini safari hii aliyeficha ni mmoja na aliyekufa ni mwingine, na aliyetaka kuumbuliwa ni wa tatu asiye na kosa.

Tuseme wazi. Hata kale kadudu kalimhitaji Modeste akiwa hai, kwa kuwa mbu hanywi damu ya maiti, na kwa kumwua kamejiua kenyewe, kako naye ndani ya sanduku hilo, hakawezi tena kumdhuru mtu. Kilichotoka hospitalini kikiwa hai ni lile neno, alilishwa, nalo pia haliwezi kuishi peke yake, linahitaji mdomo wa kulibeba na sikio la kulilea, na tangu Ijumaa mmelipatia yote mawili kwa ukarimu mkubwa. Kwa sumu ya mtu, Modeste angekufa mara moja. Kwa neno hilo alikufa siku tisa.

Leo asubuhi, kabla sanduku halijafungwa, mama Nyiramahirwe alisema ana kiu, na wanawake wa Kibumba wakakimbilia jikoni, yeye akawazuia kwa fimbo, akasema anataka kunywa kutoka kwa mkamwana wake. Donatille alileta kikombe cha pombe ya mtama kwa mikono miwili, akapiga goti, na kama ilivyo desturi, na zaidi kwa kuwa anajua anavyosemwa, alikiinua kwanza kwenye midomo yake mwenyewe aonje. Mama alimpokonya kabla hakijamfikia. Alikinywa chote, bila kupumzika, mzee wa miaka sabini na kitu, akakigeuza chini juu ili wote waone kimekwisha, akasema, "Mutoto wangu alikulaka kwa huyu myaka kumi na mbili. Nani kati yenu alimupendaka kuliko huyu?" Barthélemy alikuwepo, alikuwa ameegemea mlango. Kisha mama alisema kwamba nyumba ya Keshero ni ya Donatille, watoto ni wa Donatille, na anayetaka kuwachukua aanze kwa kumzika yeye. Baraza limekwisha, tangazo la mama ndilo hili, na mzee wa mtaa amelisikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, hasa mama Cibalonza, ambaye hakumficha mtu ukweli wala hakuupakia sukari. Inamshukuru dereva wa lori la viazi, aliyekuwa ndugu pale ndugu walipokosekana. Inawashukuru majirani wa Keshero waliokesha na kupika, na mafundi wenzake walioacha kazi zao wakachonga sanduku hili, ambalo, tofauti na kazi zote za Modeste, limekuwa tayari siku iliyosemwa. Inawashukuru wakwe wa Kalengera, waliokuja wakijua watatukanwa. Mama wa kutapisha hatumshukuru. Mafundi, mmoja wenu apande Kibumba akamalizie bawaba ya pili, kwa sababu mama bado analala nyuma ya mlango ulioinama.

Baada ya kaburi tutarudi nyumbani tunawe mikono, na Donatille mwenyewe atapakua na kugawa vinywaji, na hataonja kikombe cha mtu yeyote. Cha kwanza atapelekewa Barthélemy, kama mkubwa wa ukoo, na sote tutasimama tumngojee akimalize, sufuria yake ya viazi tumeshampa mbwa.

Nawe Modeste, uliyekula kwa wakwe bila kuogopa na kulala chini kwa heshima ya kaka yako, watoto wako wanabaki kwenu, ndani ya chandarua chako. Pumzika kwa amani.